Mzizi ukionyesha alkaloidi na saponini maabara, tunaruhusiwa kusema nini kuhusu afya?

MwanafunziMaabara aliuliza:

Habari za wakati huu, wanajukwaa. Ninaandika ripoti ya utafiti mdogo kuhusu mzizi wa mmea ambao sitautaja jina, kwa sababu najua wapo wasomaji watakaoanza kuuchimba kabla mjadala huu haujafika mbali. Niliukausha mzizi kivulini, nikausaga, kisha nikaugawa unga wake mafungu mawili: moja nikaliloweka katika maji na jingine katika ethanoli ya asilimia 70. Kiziduo cha maji, yaani kile ambacho maji yaliweza kukitoa kwenye unga, kilifanya povu jingi lililodumu nilipokitikisa ndani ya neli ya majaribio. Kiziduo cha ethanoli kilitoa povu hafifu, lakini nilipokidondoshea kitendanishi cha Dragendorff, kinachotumika kutafuta alkaloidi, kikaacha mashapo ya rangi ya chungwa iliyokolea. Vyote viwili viligeuka kijani cheusi kwa kloridi ya feri, na vyote viwili vilififisha zambarau ya DPPH, kemikali ya kupimia uwezo wa kuondoa radikali huru, hadi ikawa manjano.

Kinachonitatiza ni sehemu ya mwisho ya ripoti, ile inayohusu uwezo wa kiafya. Maandiko mengi niliyoyapitia yanakwenda kwa mtindo mmoja: mmea una alkaloidi (kemikali zenye nitrojeni), saponini (zinazotoa povu kama sabuni), tanini na flavonoidi (zote mbili za jamii ya fenoli), kemikali za makundi haya zinajulikana kupambana na bakteria, uvimbe, kisukari na saratani, kwa hiyo mmea huu unaweza kutibu bakteria, uvimbe, kisukari na saratani. Nahisi kuna hatua iliyorukwa hapo, ila sijui niieleze vipi. Naomba msaada katika mambo matatu. Kwa nini dawa nyingi za mimea hutoka kwenye mizizi wakati majani ni rahisi zaidi kuchumwa? Kwa nini maji na ethanoli vinipe majibu tofauti kwa unga uleule? Na kutokana na majaribio niliyoyafanya, naruhusiwa kudai nini?

MkemiaWaMimea alijibu:

Ndugu MwanafunziMaabara, nitaanza na swali lako la pili, kwa sababu jibu lake ndilo linalofungua la tatu.

Kila kiyeyushi huchukua kinachofanana nacho. Maji huchukua vitu vyenye vikundi vingi vya kushikamana na maji: sukari, polisakaridi, glikosidi, saponini nyingi na sehemu kubwa ya tanini. Ethanoli iliyochanganywa na maji, kama hiyo yako ya asilimia 70, hufika mbali zaidi, kwani inachukua flavonoidi, kwinoni, baadhi ya resini, na alkaloidi katika maumbo yake yote mawili, lile la chumvi na lile la besi huru. Hapa ndipo wengi wanapoteleza. Ndani ya mmea, alkaloidi mara nyingi hukaa ikiwa imeungana na asidi za kikaboni au tanini. Ikiwa chumvi hiyo inayeyuka majini, utaipata kwenye kiziduo cha maji. Ikiwa imefungwa na tanini, huenda isitoke vizuri. Hivyo usiandike kwamba kiziduo chako cha maji hakina alkaloidi. Chukua unga, uloweke katika maji yaliyotiwa asidi hafifu, chuja, kisha ongeza amonia hadi mchanganyiko uwe wa kibesi na uutikise pamoja na kloroformu. Alkaloidi zikiwapo zitahamia kwenye kloroformu, na hapo jaribio la Dragendorff litakuwa na maana kuliko lilivyo sasa. Kitendanishi hicho kina chumvi ya bismuthi na iodidi, na hukubali kuungana na protini pamoja na vitu vingine ambavyo si alkaloidi kabisa. Mashapo ya rangi ya chungwa katika kiziduo ghafi ni dokezo, wala si uthibitisho.

Kuhusu povu, ni kweli kwamba saponini ndizo zinazoshukiwa kwanza, kwa kuwa molekuli yake ina upande unaopenda mafuta na upande wa sukari unaopenda maji. Hata hivyo, kama kuna polisakaridi nyingi, povu hukaa kwa sababu kimiminika ni kizito. Njia rahisi ya kutenganisha ni kumimina ethanoli nyingi polepole katika sehemu ya kiziduo cha maji: polisakaridi zitajitokeza kama mawingu meupe yanayoshuka chini taratibu, nawe utachuja, utaivukiza ethanoli, utaongeza maji na kutikisa upya. Povu likibaki, umepata hoja.

Kloridi ya feri nayo huonyesha fenoli za aina yoyote. Kijani cheusi huelekea kwenye tanini zilizojengwa kwa katekini, ilhali buluu nyeusi huelekea kwenye zile zenye asidi ya galiki. Zaidi ya hapo, jaribio hilo halisemi.

Sasa twende kwenye jambo zito. Majibu yako yote ni majina ya koo, si majina ya watu. Kafeini ni alkaloidi, mofini ni alkaloidi, kwinini ni alkaloidi, na striknini inayoua kwa kukaza misuli nayo ni alkaloidi. Ukiniambia tu kwamba mzizi una alkaloidi, siwezi kujua kama nikaribie au nikimbie. Saponini ni vivyo hivyo: kuna zile za ginsengi zinazofanyiwa utafiti kwa miaka mingi, na kuna zile zinazopasua chembe nyekundu za damu na kuua samaki. Ile hatua unayohisi imerukwa katika maandiko uliyosoma ni hii. Mwandishi huchukua sifa ya kemikali moja iliyosafishwa na kupimwa kwa dozi inayojulikana, akaipa ukoo mzima, kisha akairudisha kwenye mmea wake ambao haijulikani kama una kemikali hiyo.

DPPH inastahili aya yake, maana imekuwa kama muhuri wa kila karatasi ya utafiti wa mimea. DPPH ni molekuli yenye elektroni moja isiyo na mwenza. Hunyonya mwanga wa nanomita 517 na ndiyo maana inaonekana zambarau. Ikipewa atomu ya haidrojeni au elektroni, rangi hiyo hufifia. Kitu chochote chenye fenoli za kutosha kitafanya hivyo, na mzizi wenye tanini utafanya vizuri sana. Lakini fenoli ikimezwa, sehemu ndogo tu ndiyo hufyonzwa, na hiyo ndogo hufungwa na ini kwa asidi ya glukuroniki au salfati kabla haijazunguka sana mwilini. Wizara ya Kilimo ya Marekani iliwahi kuweka hadharani jedwali la vyakula lililotokana na kipimo kingine cha neli cha jamii hiihii, kiitwacho ORAC, na mwaka 2012 ikaliondoa, ikieleza kwamba takwimu hizo zilikuwa zikitumiwa vibaya na watengenezaji wa bidhaa na kwamba hazionyeshi athari ndani ya mwili. Andika matokeo yako ya DPPH, weka kando yake yale ya asidi askobiki kama kipimo cha kulinganishia, na uishie hapo.

Jambo moja dogo, endapo utapima bakteria: fanya hesabu kabla ya kufurahi. Kiziduo kinachozuia bakteria kwa miligramu 1 katika kila mililita kinaonekana kizuri kwenye sahani ya maabara. Mtu mzima ana damu ya takriban lita 5. Ili damu peke yake ifikie kiwango hicho, ingebidi gramu 5 za kiziduo kikavu zifike zote ndani ya mishipa bila kupotea hata chembe. Kwa kidonda cha juu ya ngozi hesabu hiyo haina uzito, kwa sababu hapo kiziduo hukutana na bakteria moja kwa moja. Kwa homa ya ndani, inaua hoja nzima.

BotaniaKwanza alijibu:

Nimefurahi kumwona MkemiaWaMimea akiacha swali la kwanza, maana ndilo ninalolipenda.

Mzizi umebanwa udongoni, mahali palipojaa kuvu, bakteria, minyoo midogo na viwavi, na wakati huohuo ndio ghala la wanga ambalo mmea hulitegemea ili uchipue tena baada ya ukame au baridi. Ghala la namna hiyo lisipolindwa huliwa. Mimea mingi kwa hiyo huweka katika gome la mzizi vitu vichungu, vikali au vyenye sumu, na ndiyo sababu mara nyingi gome la mzizi lina kemikali nyingi kuliko mti wa ndani. Ukitaka kuliona hilo kwa macho, kata mzizi mbichi wa Lithospermum erythrorhizon: rangi nyekundu imekaa kwenye tabaka la nje, na katikati ni peupe. Rangi hiyo ni shikonini, naftokwinoni inayozuia vijidudu, na katika miaka ya 1980 Japani ilianza kuizalisha kibiashara kutoka kwenye seli za mmea huo zilizooteshwa ndani ya matangi.

Tena mzizi si ghala tu, bali ni kiwanda. Nikotini tunayoihusisha na majani ya tumbaku hutengenezwa kwenye mizizi, kisha hupandishwa na maji yanayopanda kwenye shina. Jambo hili lilithibitishwa katika miaka ya 1940 kwa kuunganisha mimea. Shina la nyanya lililopandikizwa juu ya mizizi ya tumbaku lilipata majani yenye nikotini, na shina la tumbaku lililopandikizwa juu ya mizizi ya nyanya lilibaki karibu bila nikotini. Viwavi wakianza kula majani, ishara hushuka chini na mizizi huongeza uzalishaji. Maana yake kwako, ndugu, ni kwamba mzizi uliochimbwa kwenye mmea ulioshambuliwa na mzizi wa mmea uliotulia vinaweza kutofautiana hata kama vimetoka shamba moja. Umri, msimu na udongo navyo vina sauti yake. Ripoti isiyotaja mambo hayo haiwezi kurudiwa na mtu mwingine.

Hata hivyo nisingependa uandike kwamba mizizi ni bora kuliko majani. Ipo mimea ambayo kemikali inayotafutwa imo pia majani au matawi, kwa kiasi kidogo lakini cha kutosha, na ni wajibu wa mtafiti kupima sehemu hizo kabla ya kuuhimiza umma uchimbe. Jani likichumwa hurudi. Mzizi mkuu ukitolewa, mmea umekwisha. Rauvolfia serpentina imo katika orodha ya pili ya CITES, mkataba unaodhibiti biashara ya kimataifa ya mimea na wanyama walio hatarini, kwa sababu ya kuchimbwa kupita kiasi, na ginsengi ya Marekani nayo imo. Serikali ya Marekani hairuhusu mizizi ya ginsengi ya mwituni kusafirishwa nje ya nchi kama mmea haujafikisha angalau miaka 5. Maabara nyingine zimepata njia ya kuepuka jembe: huambukiza kipande cha mmea kwa bakteria wa udongo anayeitwa Rhizobium rhizogenes, naye huingiza jeni zake na kusababisha kuota kwa vijizizi vingi vyenye vinyweleo, vinavyokua haraka ndani ya chupa bila kuhitaji homoni. Vijizizi hivyo huendelea kutengeneza kemikali za mzizi. Gharama yake bado ni kubwa kwa mimea mingi, lakini nadhani ripoti inayozungumzia mzizi bila kugusa suala la uvunaji ni ripoti nusu.

MfamasiaMtulivu alijibu:

Wenzangu wamemaliza maabara, nami naomba nimpeleke muulizaji hadi mwilini.

Mfano ninaoupenda ni wa Rauvolfia serpentina uliotajwa hapo juu, kwa sababu unaonyesha njia yote kutoka mzizi hadi kidonge. Mwaka 1949 daktari Rustom Jal Vakil wa India alichapisha katika jarida la Uingereza la magonjwa ya moyo matokeo ya kuutumia mzizi huo kwa wagonjwa wenye shinikizo la juu la damu. Mwaka 1952 wanakemia wa kampuni ya Ciba, Basel, wakatenga alkaloidi moja kati ya nyingi zilizomo, wakaiita reserpini, na mwaka 1956 Robert Woodward akatangaza namna ya kuitengeneza yote maabara. Reserpini huzuia seli za neva kuhifadhi noradrenalini, serotonini na dopamini katika vifuko vyake. Ghala likiisha, ishara zinazobana mishipa hupungua na shinikizo hushuka. Sasa tazama dozi yake: miligramu 0.1 hadi 0.25 kwa siku. Kiasi hicho ni kidogo mno kuonekana vizuri kwenye ncha ya kisu. Mtu anayekunywa mchemsho wa mzizi ambao haujapimwa anaweza kupata robo ya dozi leo na mara tatu ya dozi kesho, na dalili za kuzidisha, yaani usingizi mzito, pua kuziba, mapigo ya moyo kupungua na moyo kukosa raha, zikachukuliwa kuwa ugonjwa mwingine. Kwa hiyo kusema mzizi ule ulikuwa na uwezo ni kweli kabisa. Kusema mchemsho wake ni sawa na kidonge si kweli.

Mfano wa pili ni mzizi wa susi, Glycyrrhiza glabra, ambao utamu wake unatokana na glisirizini, saponini iliyo tamu kuliko sukari kwa makumi ya mara. Nauleta kwa sababu unavunja dhana kwamba kilichomo mzizini ndicho kinachofanya kazi. Glisirizini yenyewe haifyonzwi vizuri. Bakteria wa utumbo hukata sukari zake, na kinachobaki, asidi ya glisiretiniki, ndicho huingia damuni. Kikifika kwenye figo huzuia kimeng'enya ambacho kazi yake ni kuigeuza kotisoli isiguse milango iliyowekwa kwa ajili ya aldosteroni, homoni inayouzuia mwili kupoteza chumvi. Mlinzi huyo akizimwa, kotisoli huingia kwenye milango hiyo kana kwamba ni aldosteroni: mwili huzuia sodiamu na maji, hupoteza potasiamu, shinikizo la damu hupanda, misuli hulegea, na mapigo ya moyo yanaweza kuvurugika. Wataalamu wa usalama wa chakula wa Ulaya walishauri mtu asizidishe miligramu 100 za glisirizini kwa siku. Wala hakuna sumu ya ajabu hapo. Ni kitu kitamu kinachonywewa kila siku kwa nia njema. Mgonjwa anayetumia dawa za kupunguza maji mwilini, ambazo nyingi nazo huondoa potasiamu, yumo hatarini zaidi, na mara chache sana ataulizwa kama anakunywa susi.

Kuhusu manjano, ambayo kwa usahihi ni shina linalotambaa chini ya ardhi na si mzizi, nitapita haraka. Kurkumini yake hufanya maajabu kwenye sahani za seli, lakini haiyeyuki vizuri majini, huvunjika katika mazingira ya kibesi, na huondolewa haraka na ini. Utafiti wa mwaka 1998 ulionyesha kwamba gramu 2 zilizomezwa na watu zilionekana kwa shida sana damuni, na kwamba miligramu 20 za piperini ya pilipili manga ziliongeza kiwango hicho kwa asilimia 2,000. Watu wakashangilia, wakasahau kwamba piperini hufanya hivyo kwa kuzuia vimeng'enya vilevile vinavyoondoa dawa nyingine mwilini. Katika miaka ya karibuni wameripotiwa watu walioumia ini baada ya kutumia vidonge vya manjano, na baadhi ya vidonge hivyo vilikuwa vimetiwa piperini. Mwaka 2017 kundi la wanakemia wa dawa lilichapisha mapitio marefu yaliyoonya kwamba kurkumini ni mojawapo ya molekuli zinazodanganya majaribio ya maabara: hung'aa ikimulikwa, hushikamana na protini ovyo, huvuruga utando wa seli, hivyo huonekana kufanya kazi karibu kila inapopimwa. Tanini hudanganya kwa namna inayofanana, kwa kugandisha kimeng'enya chochote unachokipima. Kama ndugu yetu ana mpango wa kupima uzuiaji wa vimeng'enya vya kisukari, aondoe tanini kwanza, la sivyo atakuwa anapima ugandishaji wa protini akidhani anapima tiba.

MwanafunziMaabara aliandika:

Nawashukuru sana, walimu wangu. Limebaki jambo moja linalonisumbua. Wazee walionielekeza kwenye mzizi huu walisisitiza kwamba uchemshwe kwa muda mrefu, na kwamba usitumiwe mbichi kamwe. Mimi niliuloweka tu katika maji ya kawaida. Je, nilipaswa kufuata maelekezo yao, au kuchemsha huharibu kemikali? Na je, hilo la kuchemsha linaweza kuwa na sababu ya kikemia?

SumuNaDawa alijibu:

Ulipaswa kufuata maelekezo yao, ndugu. Ukitaka kujua kile watu wanachokunywa hufanya nini, ni lazima upime kile watu wanachokunywa. Kiziduo cha ethanoli cha mzizi ambao siku zote huchemshwa kinaweza kuwa na kemikali ambazo hakuna mtumiaji aliyewahi kuzimeza, na kikakosa zile anazozimeza.

Sababu ya kikemia ipo, na ushahidi wake mzuri kuliko wote ni akoniti. Mizizi ya Aconitum ina akonitini, alkaloidi inayoifungua milango ya sodiamu ya moyo na neva na kuiacha wazi. Miligramu chache tu zinaweza kumuua mtu mzima. Lakini molekuli yake ina vifungo viwili vya esta, na vifungo hivyo havivumilii maji ya moto. Kikikatika cha kwanza, unapata benzoiliakonini, ambayo ukali wake ni mdogo kwa mamia ya mara. Kikikatika cha pili, unapata akonini, iliyo hafifu zaidi. Waganga wa China wameuloweka na kuuchemsha mzizi huo kwa karne nyingi bila kuwahi kuona esta, na walichokuwa wakifanya ni hidrolisisi, yaani kuikata molekuli kwa maji. Mzizi uliochemshwa kwa haraka, au uliowekwa kwenye pombe badala ya maji ya moto, ndio unaoonekana mara kwa mara katika taarifa za vifo.

Hapa napenda kuwagusa wote wawili, anayedharau maarifa ya wazee na anayeyachukua kama ushahidi uliokamilika. Uzoefu wa vizazi hukamata vizuri sana madhara yanayotokea ndani ya saa moja: kutapika, ganzi ya ulimi, kuzirai. Mtu akinywa na kuanguka, kijiji kizima hujifunza. Haukamati madhara yanayokuja baada ya miaka 10, kwa sababu hakuna anayeweza kuunganisha mchemsho wa zamani na figo zinazokufa leo. Mizizi ya Aristolochia ilitumika kwa muda mrefu katika sehemu nyingi za dunia bila kelele. Kisha mwanzoni mwa miaka ya 1990 nchini Ubelgiji, wanawake waliokuwa wakipunguza uzito katika kliniki moja wakaanza kupata kovu la figo lililokuwa likienda kasi. Taarifa ilichapishwa mwaka 1993, na idadi ya wagonjwa ikaja kuzidi 100. Vidonge vyao vilipaswa kuwa na mzizi wa Stephania tetrandra, lakini ndani yake ulikuwamo mzizi wa Aristolochia fangchi, kwa kuwa mizizi hiyo miwili huuzwa kwa majina ya Kichina yanayokaribiana. Asidi ya aristoloki iliyomo hujibandika kwenye DNA, na baadaye baadhi ya wagonjwa hao walionekana na saratani ya njia ya mkojo. Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani limeiweka asidi hiyo katika kundi la kwanza, yaani la vitu vilivyothibitika kusababisha saratani kwa binadamu. Kuchemsha hakuiondoi. Molekuli hiyo haina kile kifungo dhaifu ambacho akonitini inacho.

Kwa hiyo jibu la swali lako ni kwamba kuchemsha kunaweza kuokoa, kuharibu au kutobadilisha kitu, ikitegemea muundo wa molekuli. Tangawizi hupata mabadiliko ya aina nyingine kabisa: ikikaushwa au kupashwa moto, jinjeroli hupoteza molekuli ya maji na kuwa shogaoli, ambayo ni kali zaidi ulimini, na ndiyo maana tangawizi kavu huwasha kwa namna tofauti na mbichi. Andaa viziduo vitatu: cha maji ya kawaida, cha maji yaliyochemka kwa muda mfupi, na cha maji yaliyochemka kwa muda ule waliousema wazee. Vipime sambamba. Kama mashapo au povu vinabadilika kadiri muda unavyoongezeka, hapo una jambo la kuandika ambalo karatasi nyingi ulizozisoma hazinalo.

MkemiaWaMimea alijibu:

Naunga mkono hilo la viziduo vitatu. Ukipata nafasi kwenye mashine ya kromatografia, ambayo hutenganisha kemikali na kuchora kila moja kama kilele, vipitishe humo hata kama huna vielelezo vya kulinganisha. Vilele vinavyopungua na vilele vinavyochipuka upya kadiri unavyochemsha vitakuonyesha mabadiliko, hata kabla hujajua majina yake.

Kuhusu unachoruhusiwa kudai, mimi ningeandika hivi: «Viziduo vya mzizi huu vilitoa dalili za kuwapo kwa saponini, fenoli na huenda alkaloidi, na vilionyesha uwezo wa kuondoa radikali huru katika neli ya majaribio. Kemikali husika bado hazijatambuliwa, na matokeo haya hayaonyeshi kwamba mzizi unatibu ugonjwa wowote.» Hizo ni sentensi mbili tu, lakini hakuna mkaguzi atakayezipinga.

Kisha unaweza kujadili uwezo kwa namna nyingine ambayo watu huisahau, nayo ni mzizi kuwa malighafi badala ya dawa. Podofilotoksini hutoka kwenye sehemu za chini ya ardhi za mimea ya Podophyllum, na ni kali mno kumezwa, lakini wanakemia waliirekebisha wakapata etoposidi, dawa ya saratani iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1983. Katika miaka ya 1940 Russell Marker alichukua diosgenini kutoka kwenye viazi vikuu vya mwituni vya Mexico akaigeuza kuwa projesteroni kwa hatua chache za maabara. Mwili wa binadamu hauwezi kuzifanya hatua hizo, ingawa matangazo ya krimu za viazi hivyo hudokeza vingine kwa ujasiri wa kushangaza.

MfamasiaMtulivu alijibu:

Naongeza neno moja tu kwenye sentensi za Mkemia: usiandike popote kwamba mzizi ni «salama» kwa sababu panya walibaki hai siku 14 baada ya dozi moja. Jaribio hilo hupima sumu ya ghafla. Vidonge vya Ubelgiji vingelipita jaribio hilo bila shida.

MwanafunziMaabara aliandika:

Nimeelewa, na nitaanza upya na viziduo vitatu. Swali la mwisho kabisa: nimehifadhi kipande cha mzizi mkavu kama kielelezo cha mmea niliotumia. Je, kinatosha?

BotaniaKwanza alijibu:

Hakitoshi. Mizizi mikavu ya mimea tofauti kabisa hufanana, na ikishasagwa hata mtaalamu hawezi kuiamulia kwa macho. Rudi pale ulipochimba wakati mmea una maua au matunda, kata tawi lenye majani pamoja na maua hayo, lilaze kati ya karatasi za gazeti na kulibana mpaka likauke, ukibadilisha karatasi kila zinapolowa. Andika mahali, tarehe, kimo cha mmea, rangi ya maua kabla haijapotea, na jina la aliyekuonyesha endapo ameridhia. Lipeleke kwenye hifadhi ya mimea ya chuo, litambuliwe na kupewa namba, na namba hiyo iingie katika ripoti yako kwenye sehemu ya mbinu. Kile kipande cha mzizi usikitupe: kikate upana, kipige picha kwenye hadubini, na ukiweke ndani ya bahasha iliyobandikwa kwenye karatasi ileile ya kielelezo.